Kutu Iliyo Chini ya Rangi

Wasomaji wangu wamezoea kunisoma nikijadili bajeti na Katiba. Leo naomba radhi: nitazungumzia mlango wa gari.

Magari mengi tunayoendesha Dar es Salaam yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi. Yaliyotoka kaskazini, kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huweza kufika bandarini yakiwa na kutu tayari chini ya tumbo. Hapa hupokelewa na upepo wa bahari. Maji na hewa pekee vyatosha kuzaa kutu katika chuma. Chumvi huharakisha kazi.

Ukingo wa chini wa mlango wangu ulipoota malengelenge, fundi alisema, "Mwalimu, hapa tunapiga puti tu, kesho linang'aa." Jirani yangu, mtumishi wa umma mwadilifu katika mambo mengine yote, akaongeza kwamba niliuze kabla ya masika. Hakuna kati yao aliyeuliza maji yameingiaje.

Nilifungua kava la ndani la mlango mwenyewe. Chini ya kila mlango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji ya mvua yanayopenya kwenye kioo. Vyangu vilikuwa vimezibwa na udongo na majani ya mwarobaini, na maji yalikuwa yametuama humo. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, ndiyo maana huisukuma rangi ikavimba. Lengelenge, basi, ni dalili ya mwisho. Methali yetu ya ufa na ukuta hainisaidii hapa, kwa kuwa ufa huonekana.

Kazi ilinichukua Jumamosi mbili. Brashi ya waya kwanza, kisha msasa namba 80 hadi bati jeupe lionekane, nikivuka mpaka wa kutu kwa upana wa vidole viwili. Kwenye vishimo ambavyo msasa haufiki nilipaka dawa yenye asidi ya fosfori, ambayo hugeuza kutu iliyobaki kuwa utando mweusi mgumu. Glavu ni lazima. Ikafuata praima ya epoksi, na juu yake puti nyembamba. Puti hunyonya unyevu, kwa hiyo ikipakwa juu ya kutu huilisha maji. Kisha msasa laini, praima tena, rangi na klia. Ndani ya mlango nilipulizia nta. Nilipaka asubuhi, kabla upepo haujainua vumbi.

Rangi niliyotumia ni ya kopo la kawaida. Ile ya kuchanganywa na kigumishi niliikataa, kwa sababu kigumishi chake huwa na isosianati, kemikali inayoweza kusababisha pumu. Vijana wa gereji zilizo chini ya miembe huipuliza kutwa wakiwa wamejifunga fulana puani, na kitambaa hakizuii mvuke. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, lakini ukiisoma unahisi anayefikiriwa ni mwajiri mwenye geti na kibao. Kijana wa chini ya mwembe analipwa kwa gari, na barakoa yenye kichujio hakuna anayemhesabia katika bei.

Yapo pia mambo yasiyofaa kufanyiwa nyumbani. Boriti iliyo chini ya milango na chasi hubeba uzito wa gari na hupokea kishindo cha ajali. Zigonge kwa mpini wa bisibisi: zikilia kwa sauti butu au zikibonyea, dawa yake ni kukata na kuchomelea bati jipya. Nimeona daladala zilizofunikwa puti mahali hapo hapo, abiria wamesimama juu yake. Ukaguzi wa barabarani ninaoushuhudia hutazama taa, matairi na stika. Sijaona mkaguzi akipiga magoti.

Gari nitaliuza kweli, kwa kuwa ada za shule hazisubiri. Nimepiga picha za mlango ukiwa wazi, kutu ikiwa bado imo, na kila anayekuja kulitazama namwonyesha. Dalali wa kwanza aliyeziona alikata laki tano papo hapo. Jirani anasema nimejitakia.