Njia ya Mfongo

Nilipokuwa msichana Machame, sikumjua mtu aliyefunga safari kwenda kuangalia maporomoko. Maji yale yalikuwa na kazi, na wenye kazi nayo walikuwa wanaume. Sisi wasichana tuliyajua kwa ngurumo tu. Tulipokuwa tukirudi kutoka nusu maili na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani, palikuwa na mahali ambapo njia inapita ukingoni mwa korongo, na mlio unapanda kutoka chini ya miti. Shangazi hakuturuhusu kusimama hapo. Alisema tutateleza. Nadhani hata yeye alikuwa hajawahi kuyaona.

Nusu maili ni ukanda wa msitu uliotengwa mwaka 1941, wakati wa Waingereza, ili watu wa mlimani wapate kuni, miti ya kujengea na malisho bila kugusa hifadhi kubwa iliyoko juu yake. Kwa mama zetu ulikuwa ghala. Kulikuwa na mbega juu ya miti na hondohondo wanaopiga kelele kama mlango mkavu, lakini sikumbuki mtu mzima hata mmoja aliyetuambia tutazame juu. Ukibeba mzigo unatazama miguu.

Wanaume walishuka korongoni kwa ajili ya mfongo. Mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa mikono, unaochota maji ya mto kule juu, yangali na kimo cha kutosha, na kuyapeleka kwenye vihamba vya watu: kwenye migomba, kahawa, magimbi, na zamani hata mitungi ya kupikia. Wetu ulichimbwa na ukoo wa babu mzaa baba. Banio lake, pale maji ya mto yanapoingizwa mferejini, liko karibu na maporomoko, kwa sababu hapo mto umebanwa na mwamba. Kutoka hapo mfereji unaambaa na ubavu wa korongo, unazunguka kila kona, unashuka kidogo kidogo kiasi kwamba macho hayaoni mteremko. Maji ndiyo yanauona. Wachimbaji hawakuwa na pima maji. Walichimba kipande, wakaruhusu maji yaingie, wakaona yanaelekea wapi, wakaendelea. Wageni wanaopita leo na kuisifu njia kuwa si ngumu, hata wazee wanaimudu, kwa kweli wanawasifu wahandisi hao wasiojua kusoma. Njia ni ya wastani kwa sababu inafuata mfereji. Ugumu unaanza mwishoni tu, pale unapouacha mfongo na kushuka kwenye mawe.

Msaragambo ukiitwa, kila nyumba ilitoa mwanamume wa kuzibua mfereji. Asiyekwenda alitozwa mbege, na mbege hiyo ilinywewa na waliokwenda, jambo ambalo lilifanya baadhi ya wazee waombee watoro wasikosekane. Wanawake hatukutakiwa kufika banioni. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa maji yatakauka. Kaka zangu walikwenda wakiwa bado hawajaota ndevu, wakarudi wamelowa na kujisifu wiki nzima.

Mambo hayakubadilika kwa siku moja. Miaka ya 1990 ulikuja mradi mkubwa wa maji ya bomba wilayani Hai, kwa msaada wa Ujerumani, na mama akapata bomba karibu na nyumba. Hakulilia mfongo hata kidogo, wala mimi nisingemlaumu. Bei ya kahawa ilikuwa imekwishaanguka, ugonjwa wa chule buni ukala buni zilizobaki, na vijana wa kushika majembe wakahamia Arusha na Dar es Salaam. Ofisi ya Bonde la Pangani ikataka kila mfereji uwe na kibali na ada, kwa sababu maji yetu hayaishii kwetu: Kikafu na Weruweru huingia Kikuletwa, Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo yanaenda kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi ukaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambayo kabla ya hapo ilianzia juu zaidi, na nusu maili ikaacha kuwa ghala la mtu yeyote. Njia ya mfongo ikaota magugu. Maporomoko yetu, kwa bahati, yako kwenye ulimi wa msitu uliobaki korongoni, chini ya mpaka.

Aliyeifyeka tena njia hakuwa mzee wa mfongo. Vijana walikuwa wamekwenda Materuni, kule Uru, wakaona mabasi madogo yakishusha wageni: kwanza maporomoko, kisha kahawa inatwangwa na kunywewa hapo hapo. Wakarudi wakisema, na sisi je? Wakafunga vishikio vya mianzi, wakakata ngazi za udongo, wakajenga kibanda cha kiingilio.

Ndipo nilipoyaona maporomoko kwa mara ya kwanza, mvi zikiwa zimekwishaanza. Aliyeniongoza ni binti wa kaka yangu, ambaye ana cheti cha kuongoza wageni na sauti ya kuamuru. "Shangazi, usishike hayo, yanawasha. Shika ule msesewe." Nilicheka, maana msesewe niliujua kama gome la kutia kwenye mbege, si kama kishikio. Akanionyesha ua dogo jekundu lenye mkia uliopinda, akasema halioti popote duniani isipokuwa mlima huu. Nilikuwa nimelikanyaga utoto mzima. Akaniambia pia kwamba maji haya sehemu kubwa mno ni ya mvua na ukungu unaonaswa na msitu, wala si theluji ya kilele cha Kibo, kama tulivyofundishwa darasani. Andreas Hemp, Mjerumani aliyechunguza mimea ya mlima huu kwa miaka mingi, amelieleza hilo vizuri.

Maporomoko yenyewe? Yalikuwa madogo kuliko mlio wake. Lakini baridi yake inaingia hadi kwenye meno, na niliingia mpaka magotini nikiwa na kanga yangu, pembeni kabisa mwa lile banio.

Siku hizi Wazungu si wengi kuliko sisi wenyewe. Nenda baada ya Krismasi, wakati Wachagga wa Dar wamerudi kula ndizi na nyama: utapishana na familia nzima zenye viatu vyeupe visivyojua matope, mabinti wanapiga picha juu ya banio, na maji hayajakauka kwa ajili yao. Yanapungua kwa sababu nyingine, hasa Januari na Februari.

Desemba iliyopita kikao cha kijiji kilichukua mchana kutwa. Wazee wachache wa mfongo walidai sehemu ya kiingilio, kwa hoja kwamba njia ni yao. Vijana wakajibu kwamba hakuna anayelipa kuja kuona mfereji. Binti wa kaka akasimama, akauliza mfereji ukibomoka watu watapita wapi. Wakakubaliana kununua saruji ya banio. Nilipopiga simu juzi, saruji ilikuwa haijanunuliwa, na kikao kingine kimeitwa.