Daktari Aliyefunga Hat-triki Sita

Kama unabeti, unaijua Scotland kuliko unavyodhani. Kila Jumamosi chumbani kwetu hosteli, majina kama Stenhousemuir, Elgin City na Forfar Athletic yanatajwa kana kwamba ni vituo vya daladala. Hakuna anayejua timu hizo zinatoka wapi. Kinachojulikana ni kwamba moja kati yao ndiyo itakayochana mkeka. Mimi sibeti, lakini mikeka ya wenzangu ndiyo iliyonifanya nianze kusoma habari za madaraja ya chini ya kule. Humo nikakutana na mtu anayenihusu: Kenny Deuchar, straika na daktari wa binadamu.

Ananihusu kwa sababu niko mwaka wa tatu wa udaktari na navaa jezi namba tisa ya timu ya chuo. Mwezi uliopita, baada ya mechi ya ndondo, kiongozi wa klabu moja ya daraja la chini alinifuata. Wananitaka. Masharti yao: nihamie kambini, mazoezi asubuhi na jioni, na kuhusu chuo "tutaona huko mbele". Pesa waliyoitaja kwa mwezi inazidi bumu, na haiji kwa kuchelewa (walisema wao). Nyumbani mdogo wangu anaingia kidato cha tano na mama ndiye baba.

Mama alisema, "Mwanangu, mpira una miguu. Ukichoka wewe, wenyewe unaendelea kukimbia." Mjomba akaja na yake: "Na hao madaktari wanaokaa mtaani miaka miwili wakisubiri ajira, wao walichoka nini?" Wote wawili wana hoja, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Sasa turudi kwa Deuchar. Msimu wa 2004/05 alikuwa Gretna, timu ya kijiji kilicho mpakani na Uingereza, chenye watu kama 3,000 tu. Kijiji hicho kilikuwa maarufu kwa ndoa za wapenzi waliotoroka kwao Uingereza, si kwa mpira. Timu ilikuwa Daraja la Tatu, ambalo wakati huo lilikuwa ngazi ya nne. Msimu ule Gretna ilifunga mabao 130 katika mechi 36, ikapata pointi 98, ikatwaa ubingwa. Deuchar peke yake alipiga hat-triki sita, akaifikia rekodi ya Jimmy Greaves, jina kubwa kabisa katika soka la Uingereza. Watangazaji wa televisheni wakampa jina la "Daktari Mwema", kwa kuwa alikuwa akifanya udaktari huku akicheza.

Gretna ikapanda daraja misimu mitatu mfululizo. Mwaka 2006 ilifika fainali ya Kombe la Scotland uwanja wa Hampden Park, ikatoka 1-1 na Hearts na kufungwa kwa penalti tu. Mwaka 2007 ikaingia Ligi Kuu. Ungekuwa mchezaji wa Gretna wakati ule, nani angekwambia usome?

Lakini timu nzima ilisimama juu ya mfuko wa mtu mmoja, tajiri Brooks Mileson. Mwaka 2008 alipougua, pesa zikakatika. Klabu ikakatwa pointi 10, ikashuka daraja, na kabla mwaka haujaisha haikuwepo tena. Kutoka fainali ya kombe hadi kufutika ni miaka miwili, muda mfupi kuliko kozi ya stashahada. Deuchar alipita pia Northampton Town ya Uingereza na Real Salt Lake ya Marekani. Klabu iliyompa jina ilikufa, udaktari wake ukabaki.

Ni rahisi kuishia hapo na kusema, "Kwa hiyo someni." Wazee wetu ndivyo wangependa niandike. Mimi naona kuna jambo jingine. Hat-triki sita hazifungwi na mtu anayecheza kwa kujifurahisha. Aliuchukulia mpira kwa uzito uleule wa kazi yake, na ligi aliyokuwa akicheza ilimruhusu. Katika madaraja yale ya Scotland wachezaji wengi wana kazi zao. Timu nyingi hufanya mazoezi jioni chache kwa wiki na kucheza Jumamosi. Fundi bomba, mwalimu na mhasibu wanaweza kuwa safu moja ya ushambuliaji.

Kwetu mechi ya ligi inaweza kupangwa Jumatano saa kumi jioni, mkoa wa mbali, siku ambayo mimi natakiwa wodini na kesho yake nina testi. Ukikosa wodi, unatafuta sapu. Sapu zikizidi, unadisko. Halafu tunaambiwa wanachuo hatuna nidhamu ya kufanya mambo mawili. Nidhamu ipo, tunapiga msuli usiku kucha. Kinachokosekana ni ratiba.

Nilimpigia yule kiongozi nikamwomba jambo moja: mazoezi ya jioni tatu, na mechi za mwisho wa wiki nizicheze zote. Alicheka kwa upole. "Dogo, sisi si timu ya bonanza." Nikamshukuru, nikakataa. Nimesaini timu ya ligi ya mkoa, mwendo wa dakika ishirini kutoka hosteli. Wanafanya mazoezi saa kumi na mbili jioni kwa sababu nusu yao wanatoka kazini. Malipo ni nauli na soda. Mdogo wangu ataenda shule kwa mchango wa ukoo, na mimi nitaongeza ninachopata kwa kufundisha tuisheni.

Sitadanganya kwamba hainiumi. Huenda miguu yangu ilikuwa na hat-triki sita ndani yake na sitajua kamwe. Ndiyo maana namwomba Waziri wa Michezo wa serikali yetu ya wanafunzi apeleke suala hili kwenye chama cha soka cha mkoa: timu zenye wanachuo zipangiwe mechi Jumamosi na Jumapili. Haihitaji bajeti, inahitaji barua na kikao. Mwaka wa kwanza wameshaingia, na nimemwona winga mmoja wa uhandisi ana mguu wa kushoto hatari. Naye atafuatwa na mtu baada ya mechi.