Anakaa Wapi?



Kiswahili kimetujalia kitenzi kipana mno: kukaa. Mtu hukaa kitini, hukaa Moshi miaka arobaini, hukaa kwa shangazi yake siku mbili, nasi twaelewana. Kiingereza hakina ukarimu huo. Chamtaka msemaji aamue kwanza: hapa ni kwangu, ama napita?

Aliye kwake hutumia “live”. Mgeni wa hoteli au wa nyumba ya ndugu hutumia “stay”. Tena “live” yenyewe hugeuka kwa umbo lake. “I live in Leeds” ni makao yaliyotulia, bali “I am living in Leeds” hudokeza kwamba ni kwa kipindi tu. Mama mmoja alituletea ujumbe wa mwanawe aliye masomoni Uingereza: “I am staying in Leeds.” Alitaka kujua jambo moja tu, kama kijana atarudi. Kwa sarufi ya vitabuni tungemfariji papo hapo, maana “stay” ni ya mpitaji. Lakini sisi wa Afrika Mashariki twaulizana “Where do you stay?” tukimaanisha nyumbani hasa, na Waskoti vivyo hivyo. Yawezekana kijana alifikiri kwa Kiswahili akaandika kwa Kiingereza. Tulimshauri mama ampigie simu, amwulize kwa lugha aliyomlelea.

“Reside” ni kitenzi cha fomu na cha maofisa (atakayekitumia sebuleni atachekwa). Asili yake ni Kilatini, “residere”, ambamo mna maana ya kuketi. Kumbe hata Warumi walikaa kitini na kukaa mjini kwa neno moja! “Inhabit” husemwa zaidi juu ya jamii ya watu au wanyama wa mahali fulani, nacho hakidai “in” baada yake.

“Dwell” kimebaki hasa katika ushairi na Maandiko. Wale wanafunzi wawili walipomwuliza Yesu anakaa wapi (Yn 1:38), tafsiri ya King James ya mwaka 1611 iliandika “dwell”. Revised Standard Version, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1946, iliandika “stay”. Kigiriki chenyewe kina “menein”, yaani kubaki, kitenzi kilekile anachokirudia Yohane katika sura ya 15, anaposimulia habari ya mzabibu na matawi yake.