Gari Likigoma Asubuhi ya Baridi

Ndugu msomaji, kama unakaa katika joto la pwani, huenda ukacheka ukisikia kwamba gari laweza kushindwa kuwaka kwa sababu ya baridi. Sisi tukaao katika milima ya Njombe hatucheki. Kuanzia Juni hadi Agosti kuna asubuhi ambazo umande huganda juu ya majani, na magari ya zamani hugoma hata ukiyabembeleza namna gani. Leo nataka kukusimulia jinsi gari la parokia yetu lilivyonifundisha adabu mimi karani, ili wewe usilipe ada niliyoilipa mimi.

Gari lenyewe ni la dizeli, nalo lina umri mkubwa kuliko wangu. Hubeba saruji, mahindi, wanakwaya, na mara nyingi wagonjwa, maana kituo cha afya kiko mbali nasi. Dereva wake ni mzee aliyeliendesha miaka mingi. Mwaka jana mwezi wa Juni likaanza kugoma alfajiri. Ukigeuza ufunguo, injini ilizunguka polepole, kwa shida, kisha kimya. Lakini jua likishapanda, liliwaka bila taabu.

Nikasema, "Betri imekufa." Kwa kuwa mimi ndimi mtunza daftari la fedha, niliomba ruhusa, tukachukua fedha tulizokuwa tumezitenga kwa mabati ya nyumba ya katekista, tukanunua betri mpya. Siku kumi gari likawaka vizuri. Siku ya kumi na moja likagoma tena.

Hapo nikamgeukia mtu. Niliwaza kwamba betri mpya haifi kwa siku kumi. Bila shaka mzee huyu anaacha taa zinawaka usiku. Nikamwambia mbele ya watu, "Mzee, betri hii ni jasho la waumini." Hakunijibu kwa hasira. Alisema tu, "Mwalimu, mimi taa nazima." Huniita mwalimu kwa sababu nilipita chuo cha ualimu kabla ya kuja ofisini. Nami sikumsikiliza. Niliandika barua kwa halmashauri ya parokia, nikiomba atafutwe dereva mwingine. Barua ikawekwa mezani kungoja kikao cha Jumapili.

Alhamisi ya juma lile, saa kumi na moja alfajiri, watu wakabisha hodi. Mama mmoja alikuwa na uchungu tangu usiku na hali yake haikuwa njema. Mzee akageuza ufunguo, gari likagoma. Vijana wakalisukuma hadi kwenye mteremko. Mzee akatia gia ya pili, akaachia klachi, injini ikatoa moshi mweupe mwingi, ikawaka. Mama yule alifika, akajifungua salama mtoto wa kike. Mimi nilibaki barabarani nikijiuliza: je, kama pasingekuwa na mteremko?

Jioni nikaazima mita ya umeme kwa fundi wa sola. Kesho yake, baridi ikiwa bado kali, mimi na mzee tukaanza kulipima gari badala ya kulikisia. Betri, kabla ya kugusa ufunguo, ilionyesha volti 12.5. Ndugu msomaji, betri iliyojaa na kupumzika huonyesha kama 12.6, ikifika 12.2 imebaki nusu hivi. Chini ya 12 haina kitu. Basi betri yetu ilikuwa nzima, na taa hazikuachwa zikiwaka. Nilinyamaza kidogo hapo.

Kisha nikagusisha waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, na wa pili kwenye chuma kitupu cha injini, mzee akageuza ufunguo. Mahali pazima mita isingefika hata nusu volti. Yetu ilionyesha zaidi ya volti mbili. Maana yake umeme ulikuwa ukipotea njiani. Tukaufuata waya mweusi wa ethi kutoka kwenye betri hadi unapofungwa kwa bolti kwenye bodi, chini ya tope la miaka. Kumbe bolti imelegea na chuma chote kimeliwa na kutu! Tulisugua kwa msasa mpaka kikang'aa, tukakaza kwa spana, tukapaka grisi. Stata ikazunguka kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia.

Mbona basi mchana lilikuwa likiwaka? Sababu ni hii. Baridi huleta mambo mawili kwa pamoja. Oili ya injini huwa nzito, hivyo stata huhitaji nguvu nyingi zaidi. Na betri nayo hupungua nguvu, hata kupoteza kama theluthi moja joto linapokaribia sifuri. Waya mbovu huvumilika mchana, lakini alfajiri huumbuka.

Haya basi, gari lako likigoma, liulize kwa utaratibu huu.

Kwanza, sikiliza. Stata ikizunguka polepole au ikilia "ka-ka-ka" tu, kasoro iko upande wa umeme. Tazama vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, fungua waya wa hasi kwanza, safisha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo bila kuyaingiza ndani ya betri, kausha, kaza. Kisha fuata waya wa ethi mpaka mwisho wake. Kazi hii haina gharama, nayo ndiyo ingefaa itangulie.

Pili, kama stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki, tazama bomba la moshi. Gari la dizeli likitoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli, mafuta yanafika ila hayaungui kwa ubaridi. Pima zile plagi za kupasha moto, ambazo mafundi huziita hita. Zetu ni nne, na mbili zilikuwa zimekufa. Usipoona moshi kabisa, mafuta hayafiki: huenda filta imeziba, pana maji, au bomba linavuta hewa. Kwa gari la petroli, tazama choki, plagi na unyevu kwenye nyaya zake. Ukisikia harufu kali ya petroli, injini imelewa mafuta. Ngoja dakika kadhaa kabla ya kujaribu tena.

Tatu, tazama oili. Kwenye kopo namba iliyo mbele ya herufi W huonyesha tabia yake katika baridi. Oili ya 15W-40 hutiririka upesi alfajiri kuliko ya 20W-50. Lakini fuata kitabu cha gari lako, usichague kwa kubahatisha.

Nakuonya pia. Usiwashe moto chini ya gari ili kulipasha; nimeona watu wakithubutu. Usimulike betri kwa kiberiti, maana hutoa hewa inayolipuka. Wala usiache injini ikinguruma ndani ya banda lililofungwa, moshi wake unaua bila kelele.

Sasa nirudi kwa mzee. Barua ile niliichukua kabla ya Jumapili nikaichana. Lakini nilikuwa nimemshitaki mbele ya watu, na radhi ya chumbani isingetosha. Baada ya ibada nikasimama uwanjani, mbele ya wale wale walionisikia, nikasema kwamba mzee alikuwa akizima taa, na mwenye kosa ni karani. Mzee akanishika mkono, akasema, "Yameisha, Mwalimu. Lakini tazama na mabati ya katekista."

Tangu hapo kila mwezi wa Mei, kabla ya baridi, mimi naye tunafungua boneti, tunasafisha nyaya na kupima hita. Gari linawaka. Mabati ya katekista tunayadunduliza mpaka leo, na kila nikifungua daftari la fedha naona pengo lake.