Mjomba Mwenye Kadi

Nimeudhika, na kilichoniudhi ni sanduku. Limeletwa mlangoni kwangu hapa Hamburg, lina programu ya kujazia fomu za kodi, na sijalipa hata senti. Ukilifungua hukuti sidii siku hizi. Mna kikaratasi chenye tarakimu za kuifungulia programu, na ankara inayosema kwa adabu: tafadhali lipa ndani ya siku 14. Wenyewe wanauita mtindo huu kununua "auf Rechnung", yaani kwa ankara: chukua kwanza, pesa baadaye. Programu hizi za kodi utazikuta mpaka kwenye maduka ya vyakula kama Aldi, jirani na viazi na soksi.

Jioni ileile ikaingia simu kutoka Ngamiani, kwetu Tanga.

"Shikamoo mjomba. Wameikataa tena."

Mpwa wangu ana duka la stesheni kwenye zile barabara zetu za namba. Anatoa fotokopi, anapiga picha za pasipoti, anadizaini kadi za harusi na mabango ya maulidi. Anataka programu ya kudizaini iliyo halali, ya kulipia kila mwezi, maana ile aliyowekewa na fundi kwa flashi ilikuja na virusi, vikamlia kazi za watu harusi ikiwa keshokutwa. Pesa anayo. Kadi ya mtandaoni ameitengeneza kwenye simu yake kupitia M-Pesa, akaitia fedha. Muuzaji wa ng'ambo akaitazama kadi, akaitazama Tanzania, akafunga mlango. Kisha akaandika barua pepe kutaka picha ya kitambulisho. Mtoto akatuma ya NIDA, mbele na nyuma. Kimya mpaka leo.

Sasa niambieni: mimi nimepewa mzigo bila kulipa, yeye anataka kulipa kabla ya mzigo na bado hapewi!

Nisiwasifu Wajerumani kupita kiasi, hawaniletei kwa mapenzi. Hapa ukihamia nyumba lazima ujiandikishe serikalini, na kuna Schufa, kampuni inayotunza kumbukumbu za madeni ya watu. Ukikwepa ankara, barua za madai zitakuandama, na siku unatafuta chumba cha kupanga, mwenye nyumba ataitaka karatasi yako ya Schufa. Wananiamini kwa kuwa wanajua pa kunikamata. Nisipokuwepo, mzigo unaachwa kwa jirani. Bibi wa ghorofa ya chini hupokea vifurushi vya jengo zima, na anajua nani kaagiza nini. Na ukimruhusu muuzaji akukate mwenyewe benki, una wiki 8 za kudai pesa zako zirudi bila kueleza sababu. Wiki nane! Nyumbani ukikosea namba moja ya simu ukatuma hela, unaanza kusoma dua.

Lakini kwa wepesi wa kulipana, hawa tumewaacha mbali. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008. Muuza samaki wa soko la Deep Sea, kulekule Tanga, anapokea pesa kwa simu kabla hajafunga mfuko. Huku, benki za nchi za yuro zimelazimishwa na sheria kuwawezesha wateja kutuma pesa papo hapo kuanzia Oktoba 2025 tu. Kabla ya hapo nilizoea kutuma Ijumaa jioni, ikafika Jumatatu. Na duka la mikate la mtaani kwangu halitaki kadi, linataka noti!

Anwani nazo sasa tunazo. Zamani ukiandika S.L.P., tena sanduku la kuazima la shule, fomu inakwambia anwani si sahihi. Mwaka 2022 ikapita operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba, na postikodi tunayo ya tarakimu 5, sawasawa na ya Hamburg. Mwaka huohuo, kuanzia Julai, sheria ikawataka wauzaji wa nje wa huduma za kidijitali wamtoze mteja wa Tanzania VAT ya asilimia 18. Yaani mtoza kodi ameshapata njia ya kumfikia muuzaji. Mteja mwenye pesa mkononi bado anabisha hodi.

Haya si mageni kwetu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni, na marufuku hayo yakadumu miaka mingi. Fedha za kigeni zilikuwa za kuombea kibali. Baba alipotaka kitabu cha ufundi wa redio, hakwenda benki. Alikwenda kwa mke wa baharia, akamwachia shilingi za matumizi ya nyumba, na baharia akanunua hukohuko Ulaya. Kitabu kikaja ndani ya begi la nguo, hakuna aliyemwandikia mwenzake risiti.

Leo baharia ni mimi. Nalipa yuro kwa kadi yangu, mpwa anampelekea Mama shilingi, Mama anakwenda nazo soko la Ngamiani. Juzi kaniuliza: "Hiyo programu yenu inakula kila mwezi kama ng'ombe, mbona maziwa siyaoni?"

Halafu wauzaji haohao wanalalamika kwamba Afrika tunaiba programu. Fundi wa kupiga windo, yule wa flashi, anakuja mpaka dukani, analipwa kwa simu, haulizi postikodi. Simtetei, virusi vyake tumeviona. Lakini ukimfungia mtu mlango wa mbele wakati amekuja na pesa, usishangae akizunguka uani.

Kwa hiyo, ninyi wenzangu wenye kadi huku ughaibuni, walipieni watoto wa nyumbani. Ila akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya mwenyewe na jina la duka lake, risiti ziende kwake, nywila aishike yeye. Wewe toa kadi tu. Kadi ikiisha muda, au wewe ukiisha, atafute kadi nyingine aendelee na kazi zake, asikute zimefungiwa kwenye jina la marehemu mjomba.