Kuzima moteri kwa kusudi

Mtoto wangu wa kwanza anataka kuwa rubani wa helikopta. Wewe ungemjibu nini? Mimi nilikubali upesi, mpaka siku aliponieleza namna wanavyojifunza.

«Baba, kule juu mwalimu anapunguza moteri kabisa, anakuambia: shuka sasa.»

«Juu ya nini?»

«Juu ya ile siku itazimika yenyewe.»

Helikopta isiyo na moteri haianguki kama jiwe. Rubani akishusha upesi fimbo ya mkono wa kushoto, upepo unaopanda kutoka chini unaendelea kuzungusha mabawa ya juu. Karibu na udongo anainua pua ili kupunguza mbio, kisha anavuta ile fimbo. Nguvu iliyobaki ndani ya mabawa inatosha mara moja tu. Ukivuta mapema, imekwisha ungali hewani. Ukiinua pua ukiwa chini mno, mkia unapiga udongo.

Kwa hiyo wako waliokufa wakijifunza kutokufa. Chukua Robinson R22, helikopta ndogo ya viti viwili iliyofundisha marubani wengi. Mabawa yake ni mepesi, yanapoteza mwendo haraka sana. Mwanafunzi akishtuka, akavuta fimbo badala ya kuishusha, na mwalimu akakawia kumpokonya, basi. Mwaka wa 1995, baada ya ajali zenye vifo, Marekani iliweka sharti la mafunzo ya pekee kwa wanaoirusha. Mbele ya hapo, katika miaka ya 1980, jeshi lao lilikuwa limewazuia marubani wengi wasifike chini kabisa katika zoezi hilo, sababu zoezi lenyewe lilivunja helikopta. Hata leo wanafunzi wengi wanarudisha nguvu ya moteri kabla ya kugusa udongo.

Sisi wa migodini tunajua habari hizi. Nilikuwa katika kundi la kuokoa watu shimoni. Siku moja ya zoezi, hakuna moto, hakuna moshi, mwenzetu mmoja alianguka na maski yake usoni, hakuamka tena. Pale kilioni mama yake aliniuliza: «Mutoto wangu alikufa juu ya muchezo?» Nilitazama chini. Juma lililofuata tulirudi kwenye zoezi, njia ileile.

Karatasi ya mtoto iko mezani, inangoja sahihi yangu. Nimemtuma aulize neno moja kwanza: wakati mwanafunzi anashuka, mkono wa mwalimu unakaa wapi?