Safari Yetu ya London na Ombi la Dada Mwalimu

Nawaandikia kutoka Coventry, mji ulio katikati ya Uingereza, ambako masomo yametukutanisha vijana watano wa Kiswahili. Hatujuani kwa ukoo, lakini miaka miwili ya kupika pamoja imetufanya ndugu. Majina yetu hayana haja hapa, nitatumia yale tunayoitana wenyewe.

Kuna Dada Mwalimu, mtu wa Bagamoyo, mkubwa wetu sote. Kuna Mweka Hazina kutoka Mombasa, ambaye hata senti ya chumvi anaiandika daftarini. Bwana Ramani ni wa Bujumbura, na jina hilo alilipata kwa sababu hakuna njia asiyoijua, hata ile asiyoijua. Mdogo wetu ni Mtoto wa Maskati, aliyezaliwa Oman kwa wazee wenye asili ya Unguja. Wa tano ni mimi, kutoka Tanga.

Safari yenyewe ilikuwa ya kuagana. Dada Mwalimu alikuwa amemaliza shahada yake, viza inakwisha, na tiketi ya kurudi nyumbani ilikuwa ya Alhamisi iliyofuata. Tukasema hawezi kuondoka Uingereza bila sisi watano kutembea London pamoja. Tukachanga pauni 50 kila mtu, nauli ikiwemo. Jumamosi alfajiri tukapanda basi na kapu la sambusa, chapati na chupa mbili za chai.

Tulishuka kituo cha mabasi cha Victoria kabla ya saa nne asubuhi. Wasomaji mnaokwenda na kikundi, shukeni hapo, kwa sababu mambo mengi yako karibu kwa miguu. Jumba la mfalme, Buckingham, ni mwendo mfupi tu. Bwana Ramani alikuwa ametuahidi kwamba saa tano tutaona askari wa kofia za manyoya wakibadilishana zamu. Tukasimama langoni, tukasubiri, baridi ikatuingia mifupani. Saa tano ikapita. Mama mmoja mwenye mbwa ndiye aliyetuonea huruma akatuambia leo Jumamosi, hakuna zamu. Kwa hiyo angalieni ratiba kabla ya kutoka nyumbani, wala msimwamini mtu kwa sababu tu ameshika simu.

Tulijifariji katika bustani ya St James's, iliyo mbele ya jumba hilo. Kuna mwari pale, wale ndege wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo, na wamekuwapo tangu mwaka 1664, walipoletwa zawadi na balozi wa Urusi. Mtoto wa Maskati aliwapiga picha mpaka betri ikaingia wasiwasi. Hapo tulikunywa chai ya kwanza.

Ukivuka bustani unatokea Westminster. Saa kubwa ile kila mtu anaijua. Bwana Ramani, akitaka kurudisha heshima yake, alitueleza kwamba Big Ben ni jina la kengele iliyo ndani, na mnara wenyewe tangu 2012 unaitwa Mnara wa Elizabeth. Hilo alipatia. Katika uwanja ulio mbele ya Bunge ipo sanamu ya Nelson Mandela, iliyowekwa mwaka 2007, mikono ameinyoosha kama mtu anayezungumza na wageni wake. Tulipiga picha ya watano hapo. Ndiyo picha nzuri kuliko zote za siku ile, ingawa Mweka Hazina amefumba macho.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Kwa hesabu ya daftari, fedha iliyobaki ilitosha kiingilio cha mahali pamoja tu kwa kila mtu. Mtoto wa Maskati alitaka London Eye, lile gurudumu kubwa la mita 135 kando ya mto. Dada Mwalimu, ambaye safari nzima hakuomba lolote, akasema yeye angependa kuingia kanisa la Westminster Abbey kuona kaburi la Livingstone. Kiingilio ni karibu pauni 30.

Bwana Ramani alicheka. "Dada yangu, pauni thelathini nikatazame kaburi la mzungu? Kwetu Mugere tuna jiwe lake na Stanley, walipita hapo Novemba 1871. Ukija Bujumbura nitakupeleka bure, na soda nitakununulia."

Tulicheka sote, isipokuwa yeye. Akasema, "Basi, si lazima. Twendeni kwenye gurudumu." Mnajua ile "si lazima" ya mtu mzima. Tukanyamaza.

Nami nilikumbuka jambo. Mwaka uliotangulia mwenzetu mmoja alifariki hapa Uingereza, na Dada Mwalimu ndiye aliyesimamia mchango wa kumrudisha nyumbani. Ninyi mlio ughaibuni hamhitaji kuelezwa mchango huo: simu usiku kucha, jina baada ya jina kwenye orodha, ahadi zinazotimizwa na zisizotimizwa, karatasi za kifo, kibali, sanduku, ndege. Ilichukua wiki tatu. Mwili ulipofika, mama wa marehemu alimpigia simu akamwambia neno moja tu, "Umenifikishia." Tangu siku hiyo sikumsikia Dada Mwalimu akilizungumzia.

Nikasema mimi nitaingia naye. Mweka Hazina akafunga daftari, akasema, "Na mimi. Wallahi sipandi gurudumu, kichwa changu nakijua." Wengine wawili wakaelekea mtoni.

Nikiri kwamba niliposimama mbele ya kaburi lenyewe nilivunjika moyo. Mawazo yangu yalikuwa ya jengo, au sanamu angalau. Kumbe ni jiwe jeusi lililolazwa sakafuni, katikati ya ukumbi mkubwa wa kanisa, na nusura nilikanyage. Karibu yake liko kaburi la askari asiyejulikana, aliyezikwa Novemba 1920. Hilo limezungushiwa maua mekundu na hakuna anayeruhusiwa kulikanyaga. La Livingstone watu wanapita juu.

Dada Mwalimu alichuchumaa akasoma. Maneno ya kwanza hayamtaji hata marehemu. Yanasema kwamba mikono aminifu ndiyo iliyomleta, kwa nchi kavu na kwa bahari. Ndipo linafuata jina lake, kuzaliwa kwake 1813, na kufa kwake Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia.

"Mikono ya nani?" aliuliza Mweka Hazina.

"Ndiyo hayo niliyokuja kutazama," akajibu. "Kwetu nilikuwa nikipita kila siku kwenda shule, chini ya ile miembe ya njia ya misheni. Mnara wa kanisa la zamani bado upo. Mwili huu ulilazwa pale Februari 1874, kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Nilitaka kujua kama huku mwisho wa njia wameandikwa."

Hawakuandikwa. Basi akatusimulia kwa sauti ya chini, watu wakipita kando yetu na vifaa vya sikioni, kila mmoja na lugha yake.

Livingstone alipofariki, wenzake wangeweza kumzika hapohapo wakatawanyika. Hakuna ambaye angewalaumu. Wao wakaamua kumpeleka kwao. Moyo wake waliuzika chini ya mti, mwili wakautia chumvi na kuuanika juani kwa wiki mbili, wakaufunga kwa kitambaa na magome ya mti. Kisha wakaanza kutembea. Walikuwa zaidi ya watu 60, wakiongozwa na Abdullah Susi, mtu wa mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani angali kijana. Yakobo Wainwright, Myao mwingine aliyesomeshwa India, alijua kuandika, akachonga jina la marehemu kwenye ule mti. Halima, mpishi, alikuwemo katika msafara ule. Walitembea zaidi ya kilomita 1,500 kwa muda wa miezi tisa, na baadhi yao walifia njiani.

Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na Mwingereza aitwaye Cameron, akawashauri wazike hapo. Wakakataa. Mbele zaidi wenyeji wakakataa maiti isipite. Hapo wakafanya hila: wakafanya kana kwamba wameurudisha mwili ulikotoka, kumbe wameufunga upya kama robota la nguo za biashara, wakapita nao.

"Sisi tulikuwa na simu na ndege, tukachukua wiki tatu," akasema. "Na mimi nililalamika kila siku."

Siandiki haya kumtukuza Livingstone. Waliomfuata nyuma yake walikuja na bendera na bunduki, na wasomaji mna rai zenu. Lakini robota lile la nguo sijaweza kulisahau. Ni akili ya watu wa msafara, waliojua kila lango la ushuru katika njia ile.

Wainwright peke yake ndiye aliyefika hapa kwa mazishi, tarehe 18 Aprili 1874, akiwa miongoni mwa waliolishika jeneza. Susi na Chuma waliletwa Uingereza baadaye mwaka uleule, kaburi limekwisha kufungwa, wakasaidia kutengeneza kitabu cha shajara zake. Wote wawili walirudi na kufia Unguja. Mwingine wa msafara, Matthew Wellington, aliishi mpaka 1935.

"Alifia wapi?" aliuliza Mweka Hazina.

"Mombasa."

"Mombasa ipi?"

"Kwani ziko ngapi? Yenu hiyohiyo."

Mweka Hazina alifungua daftari la hesabu, ukurasa wa mwisho, akamwomba ayarudie majina polepole. Akayaandika chini ya bei ya chapati. Mzee mmoja mhudumu, mwenye joho, alitusogelea akauliza kama tunahitaji msaada. Dada Mwalimu akamuuliza kama majina ya waliomleta yameandikwa popote karibu na jiwe hili. Mzee akainama akalisoma tena, taratibu, kama mtu aliyekutana nalo siku ile. Akasema hapana, hapa hayapo. Akatushukuru kwa kuuliza.

Mkitaka kwenda, kumbukeni kwamba Jumapili hakuna matembezi, ni ibada tu, na Jumamosi wanafunga mapema. Ukitaka kusafiri mjini baada ya hapo, achana na treni za chini ya ardhi, panda basi la ghorofa ukae mbele juu. Nauli ni pauni 1 na peni 75, na ndani ya saa moja unaweza kubadili basi bila kulipa tena. Makumbusho makubwa mengi hayana kiingilio. Sisi tulimalizia siku katika makumbusho ya historia ya viumbe, kule South Kensington, ambako nyangumi ananing'inia darini, na Mtoto wa Maskati akasahau hasira ya betri.

Jioni kwenye basi, Bwana Ramani alikaa jirani na Dada Mwalimu. Alikuwa amemwekea sambusa mbili, jambo lisilo la kawaida kwake. Akaomba daftari akasoma ukurasa ule kwa taa ya simu, kimya kwa muda mrefu.

"Dada," akasema, "hata lile letu la Mugere lina majina mawili tu. Livingstone na Stanley."

"Najua, mdogo wangu. Kula sambusa yako."

Alhamisi tulimsindikiza uwanja wa ndege na masanduku mawili ya kilo 23, moja limezidi kidogo. Mweka Hazina alikuwa ameuchana ule ukurasa wa daftari, akampa, bei za chapati na vyote.